Mguu Juu ya Klachi

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, la viti viwili, la chini kiasi kwamba hata kuku angeweza kulichungulia dirishani. Marehemu mke wa mzee ndiye aliyelipenda, na leo binti yao alikuja kulichukua. Mzee, fundi mstaafu, alimwambia kwenye simu kwamba klachi haikati vizuri, gia zinakwaruza, kwa sababu oili yake imeingia upepo, lakini aje tu, ni kazi ya nusu saa. Binti alifika saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri.

"Kanyaga," mzee alisema kutoka chini ya gari.

"Nimekanyaga."

Alilegeza nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Oili ilichuruzika kwenye mpira hadi ndani ya chupa, imejaa mapovu.

"Achia."

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Kwa miaka thelathini spana ilikuwa yake na mguu ulikuwa wa mkewe. Utaratibu ni mmoja: mwenye spana anafunga kwanza, ndipo mwenye mguu anaachia. Ukiachia kabla nipeli haijafungwa, pedali inarudi na upepo ule ule uliotoka kuutoa. Ni kosa la wiki ya kwanza kazini. Unatukanwa mara moja, hulirudii maisha.

Mzee alikuwa amelifanya mara kumi na moja tangu asubuhi, tena kwa makusudi.

Msimcheke. Nyumba ina vyumba vinne na yeye anatumia kimoja. Tangu afiwe, anakula amesimama jikoni, maana kuweka sahani moja mezani kunamtia simanzi. Binti haendeshi gari gizani, taa zinamuumiza macho. Jua likizama kabla klachi haijapona, atalala hapa. Hicho tu ndicho mzee alichokitaka, asikie mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta.

"Bado laini?"

"Kama nakanyaga godoro."

"Gari hili lina kiburi. Kanyaga tena."

"Nimekanyaga."

"Achia."

Pedali haikurudi. Mzee alingoja.

"Nimesema achia, mama."

"Sijasikia spana, baba."

Alibaki chali, mkono kwenye nipeli ambayo bado ilikuwa wazi.

"Mama alinifundisha nikiwa darasa la sita," binti aliendelea taratibu. "Aliniambia nisimsikilize baba, nisikilize spana."

Mzee aliona aibu ya mtu mzima aliyefumwa akidokoa nyama jikoni.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu saa sita."

"Na ukaendelea kukanyaga?"

"Nilitaka tukae kidogo. Ila kesho nina zamu ya asubuhi, baba. Siwezi kulala hapa."

Mzee alikaza nipeli, kwa sauti ya kusikika.

"Achia," alisema.

Walirudia mara sita, safari hii kwa haki, mpaka oili ikatoka bila povu hata moja. Kisha akarekebisha fimbo ya pedali, akaiachia nafasi ndogo ya kucheza inayotakiwa. Binti alikanyaga, akasema sasa ni ngumu barabara. Alimkumbatia baba yake pamoja na grisi zake, akaondoka.

Mzee alisimama getini akisikiliza. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu pale kwenye kona, zote ziliingia bila kukwaruza, na roho ikamuuma kwamba kazi yake ilikuwa safi.