Mwenye Subira wa Ukutani

Mama Barafu, kama walivyozoea kumwita kazini, alikuwa mtunza sampuli kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa. Miaka kumi na saba alikuwa akipanga vichupa vya damu kwenye mafriza ya maabara. Jina lile lilitokana na mafriza hayo, ingawa wapo waliosema ni kwa kuwa hacheki ovyo. Asubuhi moja alikuwa akipita kwenye korido na boksi mikononi, dereva wa kituo akamzuia.

"Dada, ndio unatuacha kimyakimya hivyo?"

"Nawaacha niende wapi?"

"Wewe tena! Si umeandikwa pale?"

Ukutani palikuwa na mabango matano mapya, kila moja na uso wa kuchorwa na jina la kubuni. Maelezo ya juu yalisema wafadhili wanataka kujua ni watu wa namna gani wanaofanya utafiti wa tiba, nini kinawashika kazini na nini kinawafukuza. Basi wafanyakazi sitini walihojiwa, na maneno yao yakachanganywa kuwa watu watano wa mfano. Wa nne aliitwa Mwenye Subira.

"Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja," Mama Barafu alisoma. "Hula mchana amesimama. Ana simu mbili, moja ya kumwamsha friza ikipata joto. Nyumbani ameacha kusimulia kazi yake. Hajamwambia mtu, lakini mwaka huu ukiisha anaondoka."

Macho yalimtoka pima. Mkataba, wake. Kula wima, yeye. Simu, hizi hapa mfukoni. Miezi mitatu nyuma alihojiwa saa nzima na binti mmoja mtafiti, na ulimi huponza kichwa, lakini kuondoka? Alisema lini?

"Mimi sijasema hayo."

"Lisemwalo lipo," dereva akajibu. "Kama halipo, laja."

Kufika saa sita habari ilikuwa imeenea kituo kizima. Mhudumu wa usafi alimfuata hadi stoo. "Mama Barafu, sikuombei mabaya, ila kile kiti chako chenye magurudumu, ukienda unamwachia nani?" Daktari Mkuu, bosi wa mradi, alipishana naye ngazini, akatazama viatu vyake mwenyewe, akapita bila hata salamu.

Jioni alimkuta mumewe jikoni anamenya viazi.

"Baba watoto, nimewahi kukwambia nataka kuacha kazi?"

"Kazi?" Mume akaweka kisu chini. "Mke wangu, tangu kitinda mimba wetu aanze shule hujanisimulia lolote la kazi. Nikadhani ni siri za wagonjwa."

Hapo ndipo alipochanganyikiwa hasa. Hilo la nyumbani hakulijua mwenyewe, lakini karatasi ililijua. Na kama ilimjua kwa hilo, je, hilo lingine? Alikaa akitazama maganda ya viazi, hajui amuulize nani habari zake mwenyewe.

Kesho yake alimfuata yule binti mtafiti ofisini.

"Huyu si wewe, mama," binti alimwambia kwa upole. "Ni watu saba ndani ya mmoja."

"Haya. Aliyesema anaondoka ni nani?"

"Siruhusiwi kusema nani alisema nini."

"Hata mimi siruhusiwi kujua nilichosema mimi?"

Binti akafikiri, akakubali kwamba hiyo ni haki yake, akamchapishia mahojiano yake mwenyewe, kurasa kumi na moja. Mama Barafu alizisoma palepale kwa kidole, mstari kwa mstari. Mkataba ulikuwamo, chakula na simu pia. Nyumbani hakukutajwa, wala kuondoka. Badala ya kupumua, kichwa kilizidi kumzunguka: maneno ya mtu mwingine yamemkaaje yeye kama nguo ya kupimwa kwa fundi?

Alikuwa akirudi maabara huku akimchunguza kila anayekutana naye, alipomkuta Daktari Mkuu amesimama mlangoni pa chumba cha mafriza.

"Nasikia umekwenda kuuliza," akasema.

"Nimeuliza, Daktari. Si mimi ninayeondoka."

"Najua. Ni mimi." Akavua miwani. "La nyumbani pia ni langu. Bango lilipobandikwa nilijua nimeumbuka. Kisha nikaona kila mtu anakuona wewe, nikashukuru. Nimekubebesha mzigo wangu siku mbili nzima. Nisamehe."

Mama Barafu alitafuta hasira, akaipata kidogo tu. "Ukawaambie mwenyewe," akasema. "Leo."

Na kweli, saa tisa Daktari aliwakusanya wafanyakazi ukumbini akawaambia kwamba mwaka ukiisha anakwenda kufundisha chuoni. Wengine walipiga makofi, wengine walishika vichwa. Dereva akamgeukia Mama Barafu na kumwomba radhi mbele za watu, naye akamwitikia kwa kichwa.

Alipaswa kufurahi. Badala yake alisimama pale na kurasa zake kumi na moja kwapani, akamtazama Daktari akipewa mikono ya heri, na akajikuta anamwonea wivu. Wivu huo umetoka wapi, na tangu lini, hakujua.