Begi la Kiguu na Njia

Ukimwita mtoto wako Kiguu na Njia tangu anajifunza kutambaa, halafu siku moja akaaga kweli, utamlaumu nani? Mama Kiguu yeye alimlaumu kila mtu. Alimlaumu aliyebandika tangazo la kazi ya askari wa misitu, akamlaumu jirani aliyelisoma kwa sauti, akailaumu na misitu yenyewe kwa kuota mbali. Lakini binti alikuwa ameshapata nafasi. Gari la kambini lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi, na kila mmoja alitakiwa aje na begi lake la mgongoni, la kijani, gumu, la kijeshijeshi, maana siku ya kwanza tu wangepandishwa mlima na mizigo yao. Atakayeshindwa njiani, au begi lake likamwagika, anarudishwa kwao na nafasi yake anapewa mwingine.

"Kwa hiyo kila kitu ni begi," alisema Mama Kiguu.

"Kila kitu ni begi, mama," binti akajibu, na mama yake akayaweka maneno hayo moyoni.

Basi wakaenda sokoni, upande wa mitumba. Mama Kiguu alikuwa fundi cherehani, na kitambaa hakikumpita bila kukipekua. Njia nzima hakutulia: mara afunge kanga upya, mara asimame kana kwamba amesahau kitu nyumbani, mara amwambie binti apunguze mwendo, mara yeye mwenyewe atangulie. Baba wa mtoto alishatangulia mbele ya haki. Kaka hakuna, dada hakuna. Akiondoka huyu, nyumba inabaki na mama na cherehani, na cherehani huwezi kuiuliza imekula nini mchana. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna, hakuna lingine.

Mwuza mabegi alikuwa kijana mmoja aliyevaa koti la madoadoa, wenzake wanamwita Afande, ingawa kwata hajawahi kuchapa hata siku moja. Mabegi yake yalikuwa yamening'inia mpaka juu ya kichwa chake.

"Karibu mama yangu. Chagua, bei inazungumzika."

Mama Kiguu akaanza. La kwanza zipu ilikuwa inauma kitambaa. La pili akaliinua juani, mwanga ukapenya, akalirusha pembeni. La tatu alilinusa akakunja uso. La nne lilikuwa na mifuko mingi ya pembeni, akauliza kama huyu mtoto anakwenda kulinda miti au kuuza karanga.

"Mama, mchagua jembe si mkulima," Afande akasema.

"Na cha rahisi ni ghali, hilo hukufundishwa? Nikinunua uozo wako leo, kesho nitanunua mwingine."

Binti yeye alikuwa ameshaliona lake. Lilikuwa chini kabisa ya fungu, la turubai nzito iliyofifia, kubwa kiasi, mikanda yake mipana ina sponji ndani, na mahali pa jina la mtu palikuwa pamesuguliwa hadi pakawa peupe. Akalivuta kwa mkono wa kushoto, mkono wake wa kila kitu, akalivaa, akafunga kibanio kifuani.

"Hilo lilikwenda vitani likarudi," Afande akasema kwa kujigamba. "Mwenyewe ndiye sijui kama alirudi."

Jamani, kuna maneno ya biashara na kuna maneno ya kumwambia mzazi. Mama Kiguu alimtazama yule kijana mpaka akajidai anapanga viatu.

"Vua nilione," akamwambia binti.

Akaligeuza nje ndani. Akavuta mikanda, akakanyaga mmoja kwa mguu na kuuvuta kwa mikono miwili, akaukagua mshono kwa ukucha. Alikuwa anatafuta ubovu kwa roho yake yote, na ubovu haukuwapo. Aliyelishona alijua anachofanya. Afande, ili arudishe heshima, akalijaza viatu vya kuuza, binti akalivaa na kukimbia nalo kati ya meza za watu, huku na huku, anacheka, na begi limemkaa mgongoni kama alizaliwa nalo. Hata bei ilipotajwa ilikuwa ya watu wa kawaida, Mama Kiguu akakosa cha kugombania.

"Haya," akasema. "Kizuri chajiuza."

Walipofika nyumbani, binti akaenda kunyoa nywele, maana kambini hawataki nywele ndefu. Begi likabaki juu ya kiti, limekaa kama mgeni anayesubiri chai. Mama Kiguu akakaa kwenye cherehani kumalizia gauni la mteja. Akashona kidogo, akainuka. Akanywa maji, hana kiu. Akafagia alipokwisha kufagia. Kila akikaa, kiti kinamchoma, na kila akiinua macho, begi lile pale.

Kila kitu ni begi, si ndivyo alivyosema mwenyewe?

Akachukua wembe wake wa kufumulia. Akaubinua mkanda wa kulia pale unapoungana na mgongo, chini ya kiraka cha kuuimarisha, mahali ambapo mtu haoni asipojua pa kutazama, akakata uzi mmoja baada ya mwingine. Akaacha nyuzi chache za kuushikilia, zitoshe kumfikisha kambini, zisitoshe mlima. Mkanda utakatika, vitu vitamwagika, binti atarudishwa nyumbani akilia, naye mama yake atamfuta machozi na kumpikia. Ndivyo alivyopanga, na alipomaliza akatazama mlangoni kama mwizi, maana wizi ndio aliokuwa ameufanya.

Binti akarudi kichwa kimenyolewa, masikio yametokeza, anafanana na baba yake kupita kiasi. Mama Kiguu hakuweza kumtazama. Akadaka gauni la mteja, akasema analipeleka, na huko kwa mteja akakaa na kupiga soga ambazo hakuzisikia hata yeye mwenyewe. Aliporudi begi lilikuwa limeshapakiwa na kufungwa, na binti amelala chali sakafuni kando yake, anapiga mluzi.

"Umelijaribu?" mama akauliza.

"Nimelijaribu."

"Limekaaje?"

"Limekaa," binti akasema, akaendelea na mluzi wake.

Asubuhi Mama Kiguu aliamka mapema. Alitaka kushona kiatu chake kilichofumuka, akaitafuta sindano nene, ile ya turubai na ngozi, ambayo hakumwazimisha mtu hata ndugu. Haikuwapo kwenye kitakia cha sindano. Akapekua meza, akapekua chini ya cherehani, mpaka binti akamwambia watachelewa. Akatoka na kiatu kimefungwa kwa kamba.

Uwanjani, gari lilipokuwa likisubiri, vijana walikuwa wamepanga mstari na mabegi yao. Mkuu wa msafara, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa anawaeleza wazazi wasiwe na wasiwasi. Mlima si mrefu sana, akasema. Kuna sehemu moja tu ya kuangalia, pale njia inapopita ukingoni mwa korongo. Hapo wanapita mmoja mmoja, na kuna utelezi, lakini mtu akijishika vizuri na mzigo wake ukatulia mgongoni hana neno.

Mama Kiguu alisikia korongo, na baada ya hapo hakusikia kitu kingine. Alikuwa amefikiria mkanda kukatika njiani, mahali tambarare, pa kukaa chini na kulia. Hakufikiria ukingo. Hakufikiria mzigo ukimwangukia mtoto upande mmoja mguu ukiwa kwenye utelezi. Na mstari ulikuwa umeshaanza kupanda garini.

Akawapita watu kwa viwiko. Binti alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya gari mama yake alipomshika begi na kumvuta chini.

"Vua."

"Mama, watu wananitazama."

"Waache watazame. Vua begi, mkanda huo haufai."

"Unafaa."

"Haufai, nakwambia. Mimi najua, kwa sababu jana mimi mwenyewe, ulipokwenda kunyoa, nili..."

"Mama." Binti akauchukua mkono wa mama yake, akaupitisha chini ya kiraka. "Shika."

Mama Kiguu akashika. Vidole vyake vilitegemea kukuta nyuzi chache zilizolegea. Vikakuta mishono minene, imerudiwa, tena imerudiwa, ya uzi wa nailoni. Hakuhitaji kuinama aitazame. Yote ilikuwa imelala upande usio wake, kama inavyolala mishono ya mtu wa mkono wa kushoto. Miaka mingi alikuwa amemgombeza mtoto huyu kwa mishono hiyo, mpaka akakata tamaa ya kumfundisha, akasema huyu si fundi, huyu ni miguu tu.

Akaushika ule mkanda kwa mikono miwili, akauvuta kwa uzito wake wote, kama alivyofanya sokoni. Haukutikisika.

"Ulijua," akasema.

"Niliona nyuzi zilizokatwa sakafuni, chini ya kiti. Na wembe uliuacha pale pale." Binti aliongea polepole, ili watu wasisikie. "Nikasema, mama kachoka, nimmalizie kazi."

Aibu ilimpanda Mama Kiguu mpaka kwenye macho. Alifungua mdomo aseme nisamehe. Dereva akapiga honi. Binti akalivaa begi tena, akainamisha kichwa chake kilichonyolewa ili mama yake amfungie kibanio cha kifuani, kama alivyokuwa akifungiwa vifungo vya shule. Mama akafunga. Na hapo, kwenye mkanda, kando ya kibanio, akaiona sindano yake nene, imechomekwa na kuzungushiwa uzi.

"Sindano yangu siazimishi mtu," akasema, machozi yanamtoka. Ndiyo maneno pekee yaliyokuwa karibu.

"Najua, mama," Kiguu na Njia akasema, akapanda ngazi. "Ndiyo maana lazima niirudishe."