Jina Ukutani

Kaka mtu alizipiga plasta ya saruji kuta za nyumba ya mawe waliyoachiwa na baba, na kwa majivuno akachora jina lake kwa msumari kabla haijakauka. Chumba cha mama tu ndicho dada yake, fundi, alichokipiga plasta ya chokaa, huku kaka akimcheka.

Mvua zilipoisha, chokaa ilipumua ikakauka. Saruji ilifungia maji ndani ya mawe, ukuta ukaota ukungu.

Leo dada alimkuta kaka akiburuta godoro kuelekea chumbani kwa mama, akamzibia mlango.

“Nipishe. Kule hakulaliki.”

“Si ulisema chokaa ni uchafu wa kizamani? Usilalie uchafu.”

Akamtupia nyundo na tindo miguuni.

“Kaibandue saruji. Anzia penye jina lako.”