Sahani ya Mgeni Asiyekuja

"Mimi nimekuuliza, nani kakutuma ulete mtu?"

"Sahani si ipo, Shangazi?"

"Sahani ipo! Kila mwaka ipo! Mtu nani kakutuma?"

"Sasa sahani ya mgeni bila mgeni ya nini?"

"Unanijibu, Kornel? Unanijibu na mwiko ninao mkononi?"

Alikuwa nao kweli. Mwiko wa supu ya bitiruti, unadondosha matone mekundu kwenye vigae vya jikoni utadhani Shangazi Bernadeta katoka kumchinja mtu. Mumewe, Mjomba Zenon, alikuwa amejibana kati ya jiko na dirisha, akigeuza vipande vya samaki kwenye kikaango kwa umakini mkubwa, kama mtu aliyezaliwa bila masikio.

Na huyo aliyekuwa anagombaniwa alikuwa hapo hapo kwenye korido, nyuma ya mlango wa kioo, kakaa kwenye kistuli cha kuvulia viatu. Jitu la haja, miaka arobaini na kitu, limevaa joka. Si joka la kuchora kwenye fulana, hapana. Joka zima la kijani, lenye makucha, na mkia wa sifongo uliofika mpaka mlango wa choo. Kichwa cha joka alikipakata kama mtoto mchanga. Jina lake Irek, na kazi yake ni kusimama uwanja mkuu wa Krakow watalii wapige naye picha. Kila neno la jikoni alilisikia, basi akawa anatazama dari kwa adabu.

Kornel hakuelewa kosa liko wapi. Kwa hesabu zake yeye, alitakiwa kupewa medali.

Maana tangu ashuke kwenye basi la kutoka Krosno alikuwa mtoto mwema hadi mashavu yanamuuma. Shule alimaliza Mei, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa kulala, na kugombana na baba yake kuhusu kulala. Sasa kapata nafasi kwenye chuo cha ufundi wa sauti hapa Krakow. Masomo yanaanza Februari, kilichobaki ni pa kuweka ubavu tu. Shangazi anacho chumba kando ya jiko, kachumba ka pasi na maboksi. "Tutalizungumza baada ya chakula cha mkesha," alisema, akakiacha chumba kining'inie hivyo hivyo, kama nyama mbele ya mbwa.

Basi Kornel akawa mgeni wa mfano. Kila jioni Shangazi alimtembeza uwanja mkuu kumwonyesha taa za Krismasi, na alizionyesha kama vile alipanda ngazi akazifunga mwenyewe.

"Kwenu Krosno mnazo hizi?"

"Hatuna, Shangazi."

Wanazo. Ila chumba ni chumba.

Akasifia mvinyo wa moto, mtamu kama dawa ya kikohozi. Akasifia jibini la kuchoma. Akasifia mpaka foleni ya jibini. Akawapita Waingereza waliovaa kaptula na kofia za Krismasi kwenye baridi ya kuua, wanaimba huku wameshikana mabega ili wasianguke, na Shangazi aliposema, "Unaona wanavyoupenda mji wetu?" naye akasema anaona.

Jambo moja tu halikuhitaji unafiki: ile sahani. Shangazi alikuwa na hadithi yake kuhusu sahani ya ziada, ile inayowekwa mezani mkesha wa Krismasi kwa ajili ya mtu yeyote atakayebisha hodi. Aliwasimulia majirani, akamsimulia muuza samaki, akaisimulia Krosno kwa simu. "Nyumba hii haimfukuzi mtu," anasema, na hapo machozi yanamlengalenga. Kornel akamwamini. Ujinga wake ulianzia hapo.

Leo jioni, giza likiwa limeshaingia, alitumwa krimu. Duka limefungwa. Kila kitu kimefungwa, si mkesha? Kurudi, kituoni akakuta joka limekaa kwenye benchi, peke yake.

"Kijana, una kiberiti?"

"Sina. Unasubiri basi gani?"

"La Gorlice."

"La mwisho limeondoka, kaka."

"Najua. Nililiona linaondoka. Kuna mama alitaka picha na wanawe, mmoja mmoja, kisha wote pamoja, kisha bila yule anayelia. Basi linapita, mimi natabasamu. Humu ndani tabasamu halionekani, lakini nilitabasamu."

"Na nguo zako?"

"Ziko kwenye gari la bosi."

"Bosi yuko wapi?"

"Kwenye gari lake. Kwao."

Kornel akamtazama, akauona kabisa uso wa Shangazi utakavyong'aa. Mgeni wa kweli, mkesha wa kweli, na kaletwa na nani? Na mpwa wake. Chumba hicho kimepatikana!

"Twende nyumbani," akasema.

Sasa ndiyo haya.

"Tuko wangapi?" Shangazi alikuwa amepunguza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi, mjomba wako, Bibi, wewe. Wanne. Na huyo?"

"Watano."

"Watano! Mezani! Mkesha wa Krismasi!"

Hilo Kornel alilisahau kabisa. Nchi nzima inajua, wenye digrii na wasio nazo: mkikaa meza ya mkesha watu wa witiri, watatu au watano au saba, mmoja wenu haioni Krismasi ijayo. Hakuna anayekubali kwamba anaamini mambo hayo. Na hakuna anayethubutu kuyajaribu.

"Na unajua atakuwa nani," Shangazi akanong'ona, mwiko ukielekea sebuleni.

"Msininyooshee vitu!" sauti ikatoka huko huko sebuleni. "Kuna watu humu wana presha kunishinda mimi!" Huyo ni Bibi Leokadia, mama yake Mjomba Zenon, miaka tisini kasoro, na masikio yanayopita ukuta.

Mjomba akakohoa. "Tungemwita jirani hapo mbele. Tukawa sita."

"Yule? Yule wa kuziba ngazi na baiskeli? Afadhali tufe."

"Lakini Bernadeta..."

"Geuza samaki, Zenon."

Mlango wa kioo ukafunguka. Irek alikuwa kasimama, kaujaza mlango wote. "Mama, samahani sana. Mimi najiondoa. Nina mkate wangu na soseji kwenye begi."

"Soseji! Nyama! Leo, siku ya mfungo!" Shangazi akapiga ishara ya msalaba, mwiko ukamchora supu kifuani.

Irek akageuka aende, na mkia nao ukageuka. Kitundikia makoti kikaenda chini kwa kishindo, makoti yote juu yake.

"Naondoka naye," Kornel akasema. "Nimemleta mimi, nitamsindikiza mimi."

"Wote wawili? Tubaki watatu?" Shangazi alishika kichwa. "Unataka kutuua, Kornel, sema tu unataka kutuua!"

Hapo ndipo Bibi Leokadia alipotokea kwenye korido, fimbo mkono huu, na mkono huu ameshika mkate mwembamba wa baraka, ule unaovunjwa kabla ya chakula, kila mtu na mwenzake, mkitakiana heri. Hakumuuliza mtu. Akausogeza kwa Irek, Irek akavunja kipande, naye akavunja cha kwake.

"Afya, baba. Na kazi nyingine."

"Na wewe, Bibi. Afya na miguu."

Wakatafuna. Wakabusiana mashavu, bibi na joka.

"Nimeshavunja naye," Bibi akatangaza. "Huyu sasa ni mtu wa meza hii. Anayetaka kumtoa, anitoe na mimi." Akamshika ukucha, akamkokota sebuleni.

Jikoni, Mjomba akageuka kutoka kwenye kikaango.

"Mimi naweza kwenda kukaa kwenye gari," Mjomba akasema, kwa matumaini ambayo hakuyaficha vizuri.

"Wewe hapo hapo."

Shangazi akaweka mwiko chini. Akaja akamnyooshea Kornel kola ya shati, taratibu, kwa mapenzi yote.

"Mwanangu, nisikilize. Mwite pembeni umweleze, ni mtu mzima, ataelewa. Mfungashie samaki, mfungashie na vile vimaandazi vya pierogi, mshukishe ngazi. Kisha urudi tule vizuri, halafu nikukabidhi ufunguo wako. Ninao hapa." Akapapasa mfuko wa aproni, ufunguo ukalia.

Ufunguo wako, kasema. Kornel akautazama ule mfuko. Sebuleni huko Bibi alikuwa anauliza kama mkia unavuliwa, na Irek anauliza kama samaki ana miiba mingi. Irek alikuwa ameshakaa penye sahani ya mgeni, hakungoja kuonyeshwa. Kornel akajaribu maneno kichwani: Kaka, samahani, hiyo sahani ni ya mtu mwingine. Ya nani? Hapo yakakwama. Akajaribu tena, yakakwama pale pale.

"Wakiwa wanne ni sawa?" akauliza.

"Wanne ni sawa kabisa, baba."

Kornel akaenda kwenye rundo la makoti sakafuni, akavuta la kwake.

"Koti la nini? Mwite kwanza."

"Wewe, Mjomba, Bibi, Irek. Hesabu, Shangazi."

Ilimchukua muda kuhesabu. Uso ukambadilika.

"Usinifanyie vituko, Kornel. Ukiuvuka mlango huo, chumba sahau. Kesho kutwa naweka mashine ya kukaushia nguo."

"Weka."

"Na baba yako nampigia!"

"Mpigie. Msimulie na ile ya sahani."

"Na utakwenda wapi, mpumbavu wewe? Mabasi hakuna! Mji huu unamjua nani?"

Kornel akafunga vifungo vya koti, cha juu kikagoma. Akakiacha. Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikutoka sawasawa.

"Simjui mtu. Ila mji mzima leo umeweka sahani ya mgeni, si ndivyo? Nitabisha hodi popote. Nitawaambia tu wahesabu kwanza."

Shangazi akageukia sebuleni, akamfokea Irek. "Na wewe baba, hicho kichwa si cha kuweka mezani!"

Kornel akatoka, akaufunga mlango.