Tumbo la Mpiga Tarumbeta

Shemeji yangu anapiga tarumbeta kwenye bendi ya harusi, na kwa muda mrefu tumbo lake lilisumbua watu kuliko tarumbeta lenyewe. Tumbo likimkamata katikati ya wimbo anajikunja, na wageni, wakidhani ni madoido, wanampigia makofi. Nyumbani lawama zote zilimwangukia dada yangu, kwa sababu ndiye anayepika.

Ndipo mama mkwe wake akahamia pale. Alimtoa dada jikoni siku hiyo hiyo na kumwambia bila kupepesa macho kwamba mwanawe asipopata nafuu, atamchukua wakaishi kwake. Dada akanifuata kazini, maabara ya zahanati, macho yamemvimba.

"Mume wangu anachukuliwa kama mtoto wa chekechea," akasema.

Damu ilinichemka. Nikamwambia waje wote kupimwa, na huyo mama asibaki nyuma.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unakunywa dawa fulani ya maji, unasubiri, kisha unapuliza pumzi kwenye mfuko. Mashine inaisoma pumzi hiyo na kutambua kama tumboni kuna bakteria mmoja mtundu, aliyejisokota kama springi ya kalamu, anayejichimbia kwenye ukuta wa tumbo na kuleta vidonda. Nilimwambia shemeji apulize taratibu. Akavimbisha mashavu kama yuko jukwaani, mfuko ukapasuka, na mgonjwa aliyekuwa mlangoni akatimua mbio. Mfuko wa pili niliushika mwenyewe.

"Mimi sina haja ya kupuliza," akasema mama mkwe. "Mimi mzima. Hiki kiungulia changu ni mawazo ya huyu mtoto tu."

"Puliza tu, mama," nikamwambia kwa adabu, nikimsogezea mfuko.

Majibu yalipotoka nilitamani kucheza. Shemeji anaye. Mama anaye. Dada yangu, mpishi anayeua watu, hana.

Mama mkwe akasema mashine imeharibika. Basi nikamuuliza anamlishaje mwanawe. Akanieleza kwa fahari kabisa: anachota chakula kwa kijiko, anakionja kwanza kujua kama kimepoa, halafu anamtia mwanawe mdomoni kwa kijiko hicho hicho. Ndivyo alivyomlisha tangu alipomwachisha ziwa. Mtu mwenyewe ana kipara. Shemeji akainamia viatu vyake.

Nikawaeleza kwamba bakteria huyu mara nyingi humwingia mtu utotoni, humo humo ndani ya familia, na hakuna anayeweza kuapa nani alimpa nani. Mama alikuwa ameshaacha kunisikiliza.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemlisha," akasema polepole.

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu asubuhi, lakini yaliniishia mdomoni. Nikamwonea huruma.

Wakameza dawa wote wawili, vidonge vinavyoacha mdomo na ladha ya chuma. Nilipowapima tena baadaye, walikuwa safi, na hata kile kiungulia cha mawazo kilikuwa kimeyeyuka. Mama mkwe akamwachia dada jiko lake bila neno, na dada akapika kwa furaha na kunialika.

Sasa niseme jambo ambalo sisi wa familia tumelifunika miaka yote: dada yangu hajui kupika. Wali wake unaweza kuziba ufa wa ukuta. Shemeji alitia tonge mdomoni, akatafuna, akaendelea kutafuna. Maskini, sasa hakuwa tena na ugonjwa wa kusingizia.

"Kumbe..." akaanza.

Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza. "Kula, baba," akamwambia.

Yeye mwenyewe alimaliza sahani nzima, jasho likimtiririka, bila kuacha hata punje. Kisha akamsogezea dada yangu sahani.

"Niongeze kidogo, mwanangu."

Dada akainuka haraka kwenda jikoni, jikoni kwake, ili tusimwone akilia.