Samani za Chumba Kinachonywea

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Manyunyu yalikuwa yameanza kabla ya mapambazuko, na milango yote ya mbao katika jengo ilikuwa imevimba kwa unyevu. Mama Futi alipiga magoti ndani ya chumba kidogo cha mikutano, kile cha mwisho kwenye korido, akavuta futikamba kutoka ukuta hadi ukuta, akasoma, akaguna. Chumba kilikuwa kimenywea tena.

"Kimekula kiasi gani?" aliuliza fundi wa samani, aliyesimama mlangoni na meza ya duara begani.

"Viganja viwili."

"Basi hii haiingii."

"Haiingii. Irudishe dukani, waambie tunataka ndogo zaidi."

"Mama, ndogo kuliko hii inaitwa sinia."

Alicheka peke yake, akaigeuza meza, akaondoka nayo.

Kazi ya Mama Futi ilikuwa kuchagua samani za ofisi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini kote aliitwa Mama Futi, kwa sababu ya ile futikamba aliyotembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Meneja alipoamua kuukata ukumbi wa kulia chakula uwe vyumba vitatu vidogo vya mikutano, alimwita akamweleza kwamba anataka watu wakae wawili watatu, wazungumze bila kusumbua wengine. Mambo mazito, alisema, hayafai kuzungumzwa hadharani.

Mama Futi alichagua kwa moyo wake wote. Alijua kuwa katika chumba kidogo meza ya pembe nne humfanya mmoja kuwa hakimu na mwingine mshtakiwa, kwa hiyo alipendekeza meza za duara. Alijua viti vyenye mikono hugombania nafasi na meza, kwa hiyo alipendekeza visivyo na mikono. Pia alisema milango ifunguke kwa nje. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akachagua rangi. Iliwekwa milango ya kufungukia ndani, maana ndiyo iliyokuwa stoo. Na kwa chumba cha mwisho, ambacho kingekuwa cha kusikilizia matatizo ya wafanyakazi, aliagiza meza ya mstatili ya mbao nzito, kipande kimoja, isiyofunguka.

Meza hiyo haikuingia kwenye lifti. Wapagazi waliipandisha kwa ngazi, na kwenye kona ya mwisho wengine walipoteleza, aliyebaki ameibeba alikuwa Jeki. Jeki alikuwa mume wa mdogo wake Mama Futi, na jina hilo alipewa kwa kuwa hakukuwa na kitu kazini pale alichoshindwa kukiinua. Hata siku hiyo hakushindwa. Aliifikisha meza mahali pake, akaiweka sawa na ukuta, akajaribu kusimama wima, mgongo ukakataa.

Tangu hapo hakuweza kuinama bila kushika kitu. Aliomba kazi ya kukaa. Kwenye mapokezi kulikuwa na kiti kitupu na simu iliyolia bila mpokeaji, na Jeki alikuwa na sauti nzuri. Aliitwa kwenye chumba cha mwisho, akakaa upande wa pili wa meza ileile, na Meneja akamwambia, "Jeki, mwezi ujao unakaa mapokezi. Neno langu hilo."

Mwezi ulipokwisha Jeki alikuwa bado anapandisha makasha, na viti vya upande wa ukutani vilikuwa vimebanwa na meza hata havivutiki.

Aliitwa tena, akaahidiwa tena. Baada ya kikao cha tatu meza ilikwama kati ya kuta mbili, ikabidi fundi aikate kwa msumeno ndipo itoke. Hakuna aliyeshangaa. Mama wa usafi alishukuru kwamba eneo la kupiga deki limepungua. Mhasibu aliuliza kama korido imeongezeka, akaambiwa haijaongezeka, ila kuta za chumba ndizo zilizonenepa. Alipozigusa alikuta plasta mbichi yenye uvuguvugu, akajifuta kidole kwenye suruali, akarudi kwenye hesabu zake.

Sababu aliigundua Mama Futi mwenyewe. Kikao kilichofuata aliingia kama shahidi wa upande wa familia, na kwa mazoea aliacha futikamba imetandazwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Jeki alisema mgongo unamuuma. Futikamba ilitulia. Alisema kuna asubuhi mke wake humvalisha soksi. Futikamba ilitulia. Meneja akasema, "Nimekusikia, ndugu yangu. Mwezi huu haupiti," na futikamba ikainuka katikati kama mgongo wa kiwavi.

Kikao kilipokwisha alimfuata Meneja ofisini kwake.

"Bosi, kile chumba kinanywea ukiahidi."

Meneja alitafakari. "Ahadi zote?"

"Zile za Jeki, bosi."

"Na vile vyumba vingine viwili?"

"Vizima. Humo huwa hamwahidiani."

"Basi tafuta samani za kukunja," alisema Meneja. "Na rangi isiwe ya giza. Rangi ya giza hupunguza nafasi."

Mama Futi alizunguka maduka. Alijaribu meza ya kukunja ya ukutani, viti vyembamba vya plastiki, benchi fupi lenye droo chini. Kila alichokileta kiliingia kwa kikao kimoja na kushindwa kingine. Mwishowe alinunua stuli mbili zisizo na mgongo. Jumapili alipokwenda kumjulia hali mdogo wake, alimkuta anamkanda Jeki mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Karibu, mwenye maduka," alisema mdogo wake bila kuinua macho. "Kumbe mgonjwa wa mgongo umemnunulia stuli, dada? Ungemletea ngazi kabisa aparamie."

"Chenye mgongo hakiingii."

"Hakiingii! Mume wangu anaingia, Meneja na tumbo lake anaingia, ila kiti hakiingii."

"Mwache dada yako," alisema Jeki, kifudifudi. "Yeye anapima tu."

"Shemeji," alisema Mama Futi, "kesho usiende. Nafasi ya humo ni ndogo mno."

Jeki aligeuza uso huku kitambaa kikipita kiunoni. "Nisipoingia wataandika kwamba nimeridhika. Matatizo yanasikilizwa chumba kile tu. Nikiyasema koridoni, ni soga."

Mdogo wake alichovya kitambaa upya, na Mama Futi akawaombea wote watatu kimoyomoyo.

Hivyo ndivyo ilivyofika Jumatatu ile ya manyunyu. Mchana Jeki aliingia, akakaa kwenye stuli yake. Stuli ya pili ilitolewa nje, kwa sababu Meneja alipojaribu kukaa magoti yao yaligongana. Meneja akaona si vibaya aongee akiwa koridoni, kando ya Mama Futi. Lakini kikao ni siri, hivyo aliuvuta mlango ukajifunga, akaweka mdomo karibu na kioo chembamba cha mlangoni.

"Jeki, wiki hii hii. Naapa mbele ya shemeji yako huyu hapa."

Chumba kilinywea kwa mara moja, bila kishindo, jinsi mtu anavyovuta pumzi. Jeki alipojaribu kufungua, mlango uligonga magoti yake. Alisogea nyuma, akakutana na ukuta. Mlango ulihitaji nafasi ya kufungukia ndani, na nafasi hiyo ilikuwa imejaa Jeki.

Fundi aliitwa. Alitazama bawaba, akasema ziko upande wa ndani, na kwamba msumeno ukipita mlangoni utapita na magoti ya Jeki. Akapiga ukuta kwa tindo na nyundo. Tindo ilizama kwenye plasta mbichi, ikanasa, na hakuipata tena. Dirisha dogo lililo juu ya mlango lilipitisha ubao, halikupitisha mabega ya Jeki.

"Hapa dawa ni mashine ya kukatia zege," alisema fundi. "Ipo stoo. Inataka saini ya bosi tu."

Meneja alifikiria. Jengo lilikuwa la kupanga, na mwenye jengo hapendi kutobolewa kuta. "Nitaongea naye kesho asubuhi," alisema, na ndani Jeki alitoa sauti ndogo, kwa sababu magoti yalikuwa yamebanwa zaidi.

"Bosi, nakuomba," alisema Mama Futi. "Usiseme chochote tena hapa mlangoni."

Meneja aliona ushauri huo ni wa busara. Alisogea mpaka kwenye lifti, na kutoka huko akazungumza kwa sauti ya kawaida. "Lakini tuwe wakweli. Jeki si alitaka kazi ya kukaa? Mpitishieni simu ya mapokezi." Kisha akaingia kwenye lifti, kwa kuwa hakutaka kumwumiza mtu zaidi.

Simu ilipitishwa kwa dirisha la juu, waya ukafuata. Afisa utumishi alibandika mlangoni karatasi iliyoandikwa "Kinatumika". Haikupita muda simu ikalia, na kutoka ndani ikasikika sauti nzuri, yenye adabu, "Habari za mchana, karibu sana. Nikuunganishe na nani?" Wapigaji simu walifurahi. Mmoja alimwambia afisa utumishi kwamba hatimaye ofisi hii imempata mtu wa maana.

Saa za kazi zilipokaribia kwisha, mdogo wake Mama Futi alifika na chupa ya chai. Hakulia wala hakuuliza nani kafanya nini. Alipanda juu ya ile stuli ya pili, akapitisha kikombe kwa dirisha la juu, akashuka, akakaza macho kwenye kioo.

"Umekaaje, baba?"

"Wima."

"Egemea ukuta basi upumzike."

"Nikiegemea plasta inanasa shati. Nimeshajinasua mara mbili. Ngoja, mama, simu." Akaongea na mteja mpaka mwisho, akamtakia jioni njema.

Wafanyakazi waliokuwa wanakwenda nyumbani walisimama koridoni na mikoba yao, fundi, mhasibu, mama wa usafi, afisa utumishi na wengine. Hakuna aliyetaka kupita mbele ya mlango ule bila kusema neno, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Jeki alileta uso wake karibu na kioo. "Shemeji. Wewe ndiye unayekijua chumba hiki. Nitatoka?"

Watu wote walimgeukia Mama Futi. Mdogo wake alimshika mkono kwa nguvu, akamnong'oneza, "Mwambie atatoka, dada. Mwambie tu apate moyo."

"Kikisogea je?"

Mdogo wake alimwachia mkono.

Mama Futi alifumba macho, akamwomba Mungu neno. Hakuomba neno zuri. Aliomba neno la kweli, hata likiwa dogo namna gani. Utatoka kesho: saini haikuwa yake. Utatoka siku moja: siku hiyo hakuijua. Nitalala hapa nawe: watoto wake walikuwa nyumbani wanamsubiri afungue mlango. Aliyapima maneno hayo moja baada ya jingine, na kila lililozidi alilirudisha, kama alivyozoea kufanya dukani. Kisha akafumbua macho, akatazama kupitia kioo nafasi iliyobaki kati ya mgongo wa shemeji yake na ukuta. Ilikuwa unene wa ubao mmoja.

"Shemeji," alisema kwa sauti iliyowafikia wote pale koridoni, "nitakuletea kiti chenye mgongo, mgongo wa ubao mmoja. Leo, kabla duka halijafungwa. Nitakupitishia kwa dirisha la juu kipande kwa kipande, na bisibisi yake, na nitasimama hapahapa nikikuelekeza mpaka uegemee."