Mstari Mwekundu Mlangoni

Wanafunzi wa ukunga walimwita Bi Futi, wala hawakumwonea. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mjamzito aliyepita kliniki yake bila kuvua viatu na kusimama kwenye fremu ya mlango, mgongo wima. Aliyefika mstari mwekundu uliochorwa hapo alibaki. Aliyepungua, hata kwa unene wa ukucha, aliandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa penye chumba cha upasuaji, maana huenda nyonga yake ni nyembamba. Ukimlilia, alikujibu, "Mimi na mstari huu hatuna undugu na mtu."

Undugu alikuwa nao. Binti yake wa pekee alikuja na mimba ya kwanza, akasimama mlangoni na viatu vyake vya soli nene.

"Mama, usinipeleke kupasuliwa," alimnong'oneza. "Wewe mfupi kuliko mimi, na ulinizaa vizuri tu."

Bi Futi aliviona viatu. Angekosaje kuviona, na macho yale? Lakini moyo ukamlainika, akaandika kwamba kimo kinatosha. Nami nasema wazi: angekuwa binti wa mtu mwingine, angevuliwa mbele ya foleni nzima.

Mtoto alikwama. Kutwa nzima kichwa kilikuwa palepale. Walipofika hospitali kubwa wakamtoa kwa kisu kilekile alichokikimbia mama yake, naye ameshakata roho. Wa kiume, kichwa kimerefuka kwa kubanwa. Tangu siku ile binti hakumwita tena Bi Futi mama.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja Bi Futi alikuwa akiwafundisha wanafunzi palepale kliniki, mkono mmoja kashika nyonga ya plasta, mwingine mwanasesere wa kitambaa.

"Mababu zetu wa kale waliposimama kwa miguu miwili, njia hii ilibana. Baadaye vichwa vikakua. Basi mtoto huingia akitazama ubavuni, hugeuka taratibu, hutoka uso ukielekea mgongo wa mama yake. Mama hawezi kumvuta mwenyewe bila kumuumiza. Lazima awepo mtu wa kumpokea. Ndio sisi."

Mwanafunzi wa mbele akauliza kama mstari ule umewahi kukosea.

"Haujawahi," alijibu haraka.

Mara mlango ukafunguliwa. Binti yake aliingia na tumbo la miezi mitano. Alivua viatu bila kuambiwa, akavisukuma kando, akasimama kwenye fremu.

"Pima, mkunga."

Bi Futi aliweka rula juu ya kichwa alichokisuka miaka yote ya utoto wake. Ilikaa vidole viwili chini ya mstari.

"Umepungua, mwanangu."

"Najua. Andika."

Aliandika barua, akiomba kimoyomoyo asikie neno moja tu. Binti aliikunja barua, akavaa viatu.

"Asante, mkunga," akasema, akaenda zake.

Bi Futi alibaki akiutazama mlango. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta. Kisha akamgeukia yule mwanafunzi wa mbele.

"Ulichoniuliza nimekujibu nusu. Mstari haukukosea, nilikosea mimi. Yule ni mwanangu. Nilimpima na viatu."